Gitaa la alumini: anza na shingo

Swali: Nimepiga gitaa la mbao kwa miaka minane, rithimu zaidi kuliko solo. Sasa nimepata nafasi ya kununua gitaa la umeme lenye shingo ya alumini, la miaka ya 1970. Muuzaji anasema halina tatizo lolote. Wenzangu kwenye bendi wananiambia magitaa hayo ni mazito, ni ya baridi, na hayakai kwenye tiuni. Je, sauti yake ni tofauti kweli au ni sifa za watu tu? Ninunue hilo la zamani, nitafute jipya, au nibadilishe shingo tu kwenye gitaa langu? Na nikilipata, nitalazimika kubadili namna ninavyopiga?

Jibu: Ndugu yangu, wenzako hawajakudanganya. Ni zito, ni la baridi, na tiuni, yaani ule ulinganifu wa sauti za nyuzi, inahama. Hata hivyo nakushauri ulinunue, kwa sharti moja tu: shingo yake iwe imenyooka. Magitaa ya alumini yaliyopita mezani kwangu ni machache sana ukilinganisha na ya mbao, lakini ndiyo yaliyonifundisha zaidi jinsi uzi unavyotoa sauti na jinsi mkono wa mpigaji unavyoizima.

Alumini haikuvamia gitaa la umeme jana. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lile la mwaka 1932 alilolibuni George Beauchamp na kutengenezwa na kampuni iliyokuja kuitwa Rickenbacker, lilikuwa la alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, mwili na shingo kipande kimoja. Kwa ule mviringo wake wenye mpini mrefu, watu waliliita kikaango. Lilipigwa likiwa limelazwa mapajani, kipande cha chuma kikitelezeshwa juu ya nyuzi, na ugonjwa wake ulijulikana mapema: likipigwa na joto la taa za jukwaani, tiuni inahama.

Hujaandika jina la gitaa ulilotajiwa, lakini kwa miaka hiyo kuna njia chache tu. Huko Florida, John Veleno alitengeneza magitaa ya alumini tupu, yanayong'aa kama kioo, na ni machache mno. Ukiletewa moja lichunguze mara mbili. California, kati ya 1974 na 1979, Travis Bean alitengeneza yale yenye mwili wa mbao na shingo ya kipande kimoja cha alumini kinachopita katikati ya mwili hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, kichwa chake kikiwa na tundu lenye umbo la herufi T. Jerry Garcia wa bendi ya Grateful Dead aliyapiga katikati ya miaka hiyo ya 1970, na baadaye Steve Albini wa bendi ya Shellac akalifanya moja kuwa mkono wake wa pili. Mwenzake Bean wa mwanzo, Gary Kramer, alijitoa akaanzisha kampuni yake mwaka 1976. Shingo za Kramer zina vipande vya mbao vilivyopachikwa kwenye chuma upande wa nyuma, ili kiganja kisiguse baridi tupu na uzito upungue, na kichwa chake kimepasuliwa kama uma wa meno mawili. Anza kwa kutambua lako ni lipi, kwa sababu magonjwa yao hayafanani.

Sasa sauti, ambayo najua ndiyo iliyokutoa usingizini. Ukiukung'uta uzi unaupa nguvu kiasi fulani, na nguvu hiyo huanza kuvuja papo hapo. Nyingine huishia hewani, nyingine ndani ya uzi wenyewe, na nyingine hupita kwenye daraja na kwenye kile kijiti kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, ikaingia shingoni. Shingo ya mbao hutikisika na kuimeza. Alumini ya aina ya 6061, inayopendwa zaidi kwa kazi hii, ni ngumu kupinda karibu mara 5 au 6 kuliko mbao nzuri za shingo, na yenyewe humeza mtikisiko kidogo sana. Gonga shingo yake kwa fundo la kidole, nyuzi ukiwa umezishika: mbao inajibu “tok”, alumini inalia kama kengele iliyo mbali. Nguvu inayokosa mahali pa kupotelea inabaki kwenye uzi. Kwa hiyo sauti inadumu, na zile sauti nyembamba za juu, ambazo kwenye mbao hufa kwanza, zinabaki hai pamoja na sauti mama. Hata zile freti (vijiti vya chuma vinavyoikatiza shingo chini ya nyuzi) “bubu” ambazo kila gitaa la mbao huwa nazo moja au mbili, ambapo noti inazimika kabla ya wenzake, hupungua sana.

Ila nisikuuzie ndoto. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, haijui shingo ni ya nini. Inasikia uzi ukicheza kwenye sumaku, basi. Sehemu kubwa ya sauti yako itabaki kuwa pikapu, amplifaya na mikono yako. Tena wengi hudhani chuma kikiizunguka pikapu ndicho kinacholeta ule ukali wa juu. Ni kinyume: alumini iliyo karibu na koili ya pikapu hula kidogo sauti za juu, na mtengenezaji mzuri huipangia pikapu yake akilijua hilo. Tofauti ya kweli utaisikia sekunde mbili tatu baada ya kukung'uta, sauti ikiwa safi au imekwaruzwa kidogo tu na amplifaya. Ukiizamisha kwenye mkwaruzo mzito, huku ngoma na besi vinaunguruma, hata mimi singekuambia kwa uhakika lipi ni la alumini. Kama bendi yenu inapiga hivyo usiku kucha, hela yako ina kazi nyingine.

Tiuni ndiyo inayowafukuza watu, na wengi huondoka bila kuelewa kilichotokea. Vitu viwili vinapata joto: shingo na nyuzi. Mita moja ya alumini ikipanda digrii 10 za Selsiasi inarefuka kama milimita 0.23, chuma cha nyuzi, kama 0.12. Kwenye gitaa ambalo uzi wake unaocheza una urefu wa milimita 648, shingo inarefuka karibu 0.15 wakati uzi wenyewe ungependa kurefuka 0.08 tu. Ile tofauti ya 0.07 inauvuta uzi, na sauti inapanda. Utasema ni kitu gani hicho. Lakini uzi wa tatu, ule mnene usiosokotwa, ukiwa kwenye tiuni umevutwa kama milimita moja na nusu tu kupita ulipokuwa umelegea. Kwa hiyo 0.07 inatosha kuupandisha karibu theluthi moja ya nusu toni, na hapo hata asiyejua muziki anageuza kichwa.

Mbao hufanya kinyume. Hurefuka kidogo kuliko chuma, hivyo joto likipanda uzi unalegea na sauti inashuka. Wewe umezoea kushuka kwa miaka minane. Mkono wako unaenda wenyewe kwenye ufunguo kukaza, na hapa ilitakiwa ulegeze. Zaidi ya hapo, joto halifiki kote kwa pamoja. Nyuzi ni nyembamba, kwa hiyo zinapata joto la mkono na la taa mara moja, na sauti inashuka. Baadaye shingo inazifikia, na sauti inapanda kupita pale ulipoanzia. Mpigaji aliyetiuni dakika ya pili anatiuni tena dakika ya kumi, kisha analaani gitaa.

Dawa yake ni subira. Litoe kwenye begi nusu saa kabla, mahali pale pale utakapopigia. Liweke shingoni, piga mazoezi yako ya vidole, shingo ipate joto la kiganja hadi usihisi tena ubaridi, ndipo utiuni. Usiliache kwenye stendi mbele ya feni au kiyoyozi kati ya nyimbo, libaki mwilini. Ukifanya hivyo linatulia vizuri, na kuna zawadi juu yake: unyevu wa hewa, unaozipinda shingo za mbao kila msimu ukibadilika, haulihusu. Nimewahi kufungua begi la gitaa la namna hii baada ya miezi mingi nikakuta kimo cha nyuzi kile kile nilichokiacha.

Kuhusu baridi sina maneno mengi. Alumini hupitisha joto karibu mara 1,000 kuliko mbao, kwa hiyo inalinyonya kutoka kiganjani upesi. Ni dakika kumi za mwanzo. Halafu unasahau.

Haya, sasa uende kuliona. Ufunguo wa yote ni shingo, na nakuomba ulichukue kwa uzito. Shingo za Bean na za Kramer wa awali hazina ule ufito wa chuma wa ndani unaokazwa na kulegezwa ili kunyoosha shingo. Ulivyoikuta ndivyo utakavyokaa nayo. Bana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ukiona nafasi nyembamba ya unene wa kadi ya biashara au pungufu, vizuri. Uzi ukiwa umelalia freti katikati, au ukiona mwanya ambao sarafu inaingia, ondoka. Shingo ya alumini iliyowahi kuangukiwa na kupinda kunyooshwa kwake ni kazi ya karakana ya vyuma, na wanaoifanya vizuri kwa gitaa ni wachache mno. Rudia na uzi wa kwanza, kwa sababu shingo inaweza kuwa imejisokota, upande mmoja mzuri na mwingine mbovu.

Kisha skrubu. Gitaa la kwanza la alumini nililolinunua lilikuwa safi kwa macho, na aliyeniuzia naye alinihakikishia halina tatizo. Nilipolifungua nyumbani, skrubu moja ya daraja ilitoka kwa vidole viwili, bila bisibisi. Kwenye meno ya skrubu hiyo palikuwa na gundi iliyokauka, ya manjano, na ndani ya tundu meno yalikuwa yamelainika kabisa. Mtu aliwahi kuikaza kwa nguvu. Skrubu ni chuma kigumu, alumini ni laini, iliyoshindwa ni alumini. Ilibidi tundu litobolewe upya na kutiwa kibushi chenye meno mapya. Kwa hiyo omba ruhusa ujaribu kila skrubu kwa bisibisi, polepole, robo mzunguko tu. Inayozunguka bila kushika ni sababu ya kupunguza bei, na zikiwa mbili ni sababu ya kurudi nyumbani.

Ubao wa freti uliogandishwa juu ya chuma utazame kwa pembeni dhidi ya mwanga. Mbao na alumini hazirefuki sawa, na kwa miaka 50 gundi inaweza kuachia pembezoni. Freti zilizolika zinabadilishika, ila mtafute fundi aliyewahi kufanya kazi ya shingo ya chuma kabla hujalipa. Kwa Kramer, pitisha kucha kwenye mipaka ya vile vipande vya mbao vya nyuma: kucha ikikwama, kipande kimeanza kunyanyuka. Kwa Bean, namba yake imegongwa kwenye chuma cha kichwa. Iangalie kama imechezewa. Mng'aro uache uwe wa mwisho. Alumini iliyofifia hung'arishwa kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia mchana mmoja, na mikwaruzo ya nyuma ya shingo hata huisikii. Mtu anayekuambia “tazama linavyong'aa” hajakuambia kitu.

Mwisho wa ukaguzi, livae kwa mkanda nusu saa nzima ukiwa umesimama, bila kulishika shingo. Mengi ya zamani kichwa kinashuka chini, na mkono wako wa kushoto unageuka kuwa nguzo. Mkanda mpana wa ngozi, wenye upande wa ndani unaokwaruza nguo, unasaidia. Usipoiweza nusu saa ya kwanza, hutaiweza saa ya tatu ya shoo.

Ukitaka jipya, mafundi wapo. Anayejulikana zaidi ni Kevin Burkett wa Electrical Guitar Company, Marekani, aliyeanza kazi hii miaka ya mwanzo ya 2000. Buzz Osborne wa bendi ya Melvins hupiga magitaa yake ya alumini tupu. Mapya mengi huchongwa yakiwa matupu ndani, na ni lazima iwe hivyo: lita moja ya alumini ina kilo 2.7, wakati mbao nyingi za gitaa hazifiki hata kilo 0.8 kwa lita. Mwili wa lita tatu ukiachwa mzima ungekuwa na kilo nane kabla hujaweka shingo. Uliza unene wa kuta na uzito kamili kabla ya kuagiza, na uulize kama shingo ina ufito wa kurekebisha. Uliza pia kama chuma kimetiwa ule utando wa umeme unaokifanya kisichafue mikono, kwa maana alumini tupu ikikutana na jasho huacha weusi vidoleni. Wengine wanaupenda utupu ule, mimi mmojawapo, lakini ujue kabla.

Kubadilisha shingo peke yake ni njia nzuri kwa mtu mwenye shaka, mradi gitaa lako ni la shingo ya kufungwa kwa skrubu. Pima sehemu ya shingo inayozama mwilini: upana, urefu na kina, hadi nusu milimita. Pima pia urefu wa uzi kutoka kijiti cha juu hadi daraja, kwa kuwa ukikosea hapo freti zote zitadanganya. Mwili mwepesi ukiupa shingo nzito utapata mizani mbovu. Sauti haitafika kote ambako kipande kimoja hadi darajani kinafika, lakini utasikia njia inakoelekea, na ukiichoka unairudisha ya zamani.

Neno moja la umeme, na hili nalisema kwa uzito wote. Kwenye gitaa hili mwili au shingo nzima imeungwa na waya wa ardhi. Ni faida, kwa sababu kelele za umeme hupungua. Lakini ina maana kiganja chako kizima kipo kwenye mzunguko. Niliwahi kusimama kwenye ukumbi ambao soketi zake hazikuwa na ardhi. Nilipousogeza mdomo kwenye maikrofoni nikahisi sindano midomoni, na mkono wa kushoto, uliokumbatia alumini, ukakaza. Kwenye gitaa la mbao ningegusa nyuzi tu, na hata hapo ni hatari. Pimisha soketi kwa kile kifaa kidogo cha taa tatu, au kwa fundi umeme, amplifaya na mikrofoni vichukue umeme sehemu moja, na usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ili kunyamazisha muungurumo.

Na namna ya kupiga? Ndiyo, itabadilika, na hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Gitaa la mbao linakusaidia kunyamaza. Ukiondoka kwenye kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwenda nyingine, mabaki ya ile ya kwanza yanakufa yenyewe na hujui kama kuna mtu anakufanyia usafi. Alumini haifanyi usafi huo. Kodi ya zamani inabaki ikilia chini ya mpya, na usipoizima unapata matope. Wiki ya kwanza utasikia makosa ambayo umekuwa nayo miaka minane yote.

Anza hivi. Chukua kodi ya E ya wazi, piga mara moja, iache ilie, sikiliza inavyopungua hadi mwisho bila kugusa kitu. Rudia, safari hii ukihesabu nne na kuzima nyuzi zote kwa ubavu wa kiganja cha kulia, kwa wakati mmoja, bila “pchwi” ya uzi mmoja uliobaki. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Halafu kodi mbili: ya pili iingie pale pale ya kwanza inapokatwa, si kabla, si baada. Mkono wa kushoto nao una kazi. Vidole visivyobana vilale kidogo juu ya nyuzi jirani, na gumba lichungulie juu kuushika uzi wa sita. Vile vipande vya uzi kati ya kijiti cha juu na funguo vinalia pia, hasa kwenye vituo vya ghafla. Utasikia mlio mwembamba baada ya bendi nzima kunyamaza. Kipande cha kitambaa laini au mpira wa nywele uliovingirishwa pale unamaliza shida.

Punguza nguvu. Mpigaji wa rithimu hukung'uta kwa nguvu kwa sababu mbao inameza sehemu ya pigo lake. Hapa pigo lote linafika. Shika pleki, kile kipande cha kukung'utia nyuzi, kwa ulegevu zaidi, na ujaribu nyuzi nene kwa hatua moja kuliko ulizozoea: zinatikisika kwa upana mdogo na sauti inatulia. Kwenye amplifaya, shusha mkwaruzo hadi nusu ya ulipokuwa, ongeza kidogo sauti za kati, na ukali wa juu usiuguse kwanza. Kodi zenye noti zilizobanana, ambazo kwenye gitaa lako la sasa zinageuka uji, zijaribu hapa zikiwa peke yake, pigo moja moja na nafasi kubwa katikati. Utasikia kila noti imesimama mahali pake.

Baada ya kupiga, futa shingo kwa kitambaa kikavu, hasa palipo na skrubu, kwa sababu jasho kati ya chuma na alumini huanzisha kutu nyeupe. Usitumie sabuni kali za jikoni zenye magadi. Zinaila alumini na kuacha madoa yasiyotoka.

Ukienda kuliona hilo gitaa, nenda na kadi nyembamba, bisibisi na mkanda wako mwenyewe, na mwombe muuzaji asiliwashe kwenye amplifaya mpaka umalize yote hayo. Ukishalisikia likilia, macho yako hayataona tena shingo iliyopinda.